Nyati akija, .375 inatosha kumsimamisha? Tujadili bunduki na risasi kwa wanyama wagumu

#1 Greni500
Wakuu, salamu. Nina hoja na naomba ichambuliwe bila kuoneana haya. (Kwa wageni: namba kama .375 ni kaliba, yaani takriban kipenyo cha risasi kwa inchi.)

.375 H&H Magnum iko kazini tangu 1912, na nchi nyingi zenye wanyama wakubwa zinaihesabu kuwa kiwango cha chini kwa nyati na tembo. Risasi ya greni 300 (gramu 19.4) inatoka mdomoni kwa kama mita 770 kwa sekunde, nguvu yake jouli 5,770 hivi. Hakuna mnyama wa nchi kavu ambaye haijamuua. Ubishi wangu uko kwingine: nyati aliyekwisha jeruhiwa, yuko mita 15, anakuja. Hapo .375 si ya kutegemewa. Anayefuata damu kichakani asishike chini ya .416, na .458 ni bora zaidi.

Na swali: kwa nini nyati wawili wa umri mmoja, risasi ya aina moja, sehemu ileile ya kifua, mmoja anakunja magoti na mwingine anageuka kukutafuta?

#2 BintiShabaha
Mkuu Greni500, kabla ya kaliba tukubaliane kwanza maana ya kusimamisha. Mnyama anasimama palepale kwa njia tatu tu: risasi ifike kwenye ubongo, ikate uti wa mgongo, au ivunje mabega yote mawili ashindwe kujibeba. Nje ya hizo unasubiri damu iishe, na damu ina muda wake.

Sasa .375 yenye solidi inafika kwenye ubongo wa nyati kutoka mbele bila taabu. .458 iliyopita kando kwa kiganja kimoja haimsimamishi pia. Kwa hiyo tofauti unayoitafuta haiko kwenye kipenyo.

Nyati anayekuja huja pua juu, anakutazama, na huinamisha kichwa hatua za mwisho kabisa. Pua ikiwa juu, njia ya kwenda kwenye ubongo inapita puani au juu yake kidogo. Wengi hulenga lile bamba la pembe la dume mzee kwa sababu ndilo linaloonekana zaidi. Softi inaweza kupasukia pale pale na isiingie.

(Kwa wageni wa uzi: softi ni risasi ya ncha laini inayochanua ikigonga nyama, solidi ni ngumu isiyochanua.)

#3 VetiWaPorini
Najibu swali la mwisho la #1, maana watu watalikimbilia na nadharia za ushujaa wa mnyama.

Moyo ukipasuka leo, ubongo bado una oksijeni ya sekunde 10 hivi, pengine zaidi. Nyati akikimbia kwa km 50 kwa saa anakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Piga hesabu: mnyama ambaye kwa kweli amekufa anaweza kwenda mita 140 akiwa na nia kamili. Akiwa mita 20 kutoka kwako, ana sekunde moja na nusu tu ya kukufikia na nane za ziada za kukufanyia kazi.

Yule aliyekunja magoti palepale, ukimchuna mara nyingi utakuta risasi au kipande cha mfupa kimefika jirani na uti wa mgongo. Kwa nje tundu liko "sehemu ileile", kwa ndani njia ni tofauti kwa sentimita tano. Jambo la pili: mnyama aliyetulia na yule aliyekwisha shtuka si mwili mmoja. Adrenalini ikishapanda, mapigo na shinikizo la damu viko juu, misuli imeshapewa damu, maumivu hayasikiki. Risasi ya kwanza kwa mnyama asiyejua uko wapi ina thamani kubwa kuliko tatu zinazofuata.

#4 Nyegere_Sugu
Uzi mzuri. Lakini mbona tunazungumza wakubwa tu? Nyumbu ana kilo 200 na kitu, anapigwa .308 kifuani anaondoka na kundi kama hakuna kilichotokea. Punda milia vilevile. Na nyegere, ngozi yake ni nene na imelegea kiasi kwamba anageuka ndani yake. Ugumu hauendi na uzito.

#5 MtutuMrefu
Majibu ya kitaalamu yapo tangu zamani. John Taylor, mwindaji wa tembo, aliacha fomula: uzito wa risasi kwa greni, mara kasi kwa futi kwa sekunde, mara kipenyo kwa inchi, gawanya kwa 7000.

.375 H&H: kama 41
.416 Rigby: 57
.470 Nitro Express: 73
.458 Lott: 75
7x57 Mauser (risasi ya milimita 7): 16

Hapo Greni500 yuko sahihi kabisa. Jouli zinaipendelea kasi kwa sababu kasi inazidishwa kwa yenyewe. Fomula hii inaheshimu uzito na upana, na hivyo ndivyo mnyama anavyovihisi.

#6 KasibaKavu
@MtutuMrefu ingiza kwenye fomula yako risasi moja nzito ya shotgun ya geji 12: greni 437, futi 1,600, kipenyo inchi .729. Unapata 73. Sawasawa na .470.

Kuna anayeamini kwamba kipande cha risasi laini cha shotgun kitamtoboa tembo mfupa wa kichwa kama .470? Uzito uleule ukisambazwa kwenye uso mpana haupenyi. Chukua uzito kwa pauni, gawanya kwa kipenyo mara kipenyo: .375 ya greni 300 inatoa .305, .458 ya greni 500 inatoa .341, ya shotgun inatoa kama .117. Hiyo ndiyo namba inayosema risasi itafika wapi, mradi isiharibike njiani. Sharti hilo la mwisho ndilo zito.

#7 Greni500
@KasibaKavu nimekubali kuhusu shotgun. Lakini kwa namba hiyohiyo unayoipenda, .458 bado inaizidi .375. Hujanipinga.

#8 KasibaKavu
Inaizidi kidogo. Na 7x57 ya greni 173 inatoa .306, sawa na .375. Je, zinalingana? Ndiyo maana nikasema namba moja haitoshi.

#9 Mzee_Pofu
Vijana mmenifurahisha, maana mmeitaja 7x57 wenyewe. W.D.M. Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, alipiga tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa hiyo hiyo 7x57 mnayoipa alama 16. Solidi ndefu ya pua duara, greni 173, ubongoni. Alipasua mafuvu kwa msumeno kujua ubongo ulipo. Mwenye elimu ya fuvu hahitaji mtutu wa kubebwa na watu wawili.

#10 SikioLaNdovu
Shikamoo Mzee Pofu. Mfano wa Bell ni wa kweli ila unatumika mahali pasipo pake. Bell alikuwa anawapiga tembo waliotulia, wasiojua bunduki ni nini, mara nyingi akiwa amechagua upande wa kusimama. Hiyo ni kuua. Uzi huu unauliza kusimamisha, ambako mnyama ndiye aliyechagua pembe na wakati.

Tembo wa ubavuni: ubongo uko kati ya jicho na tundu la sikio, mbele kidogo ya tundu hilo. Hata bunduki ndogo inafika. Tembo wa mbele ni habari nyingine. Ubongo umekaa nyuma sana, na mbele yake kuna mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki, pamoja na mzizi wa mkonga. Fikiria kijiti kilichopitishwa kutoka tundu la sikio moja hadi jingine; ubongo uko katikati ya kijiti hicho. Usilenge alama ya usoni, lenga kijiti. Kichwa kikiinuka, au tembo akisogea karibu nawe uko chini yake, njia ya kwenda kwenye kijiti inashuka kuelekea kwenye mkonga. Wanaokariri "katikati ya macho" hupita juu ya ubongo mnyama akiwa karibu.

Hapa ndipo kaliba kubwa inaposaidia kweli: ikikosa ubongo kwa kidogo, mara nyingi .470 au .500 inamtikisa tembo akayumba au akageuka, na mpigaji akapata muda wa risasi ya pili. 7mm ikikosa ubongo haimwambii kitu.

#11 BintiShabaha
@SikioLaNdovu hilo la kumtikisa nalikubali kwa tembo. Kwa nyati sina hakika. Nyati anayekuja akipigwa .458 usoni nje ya ubongo mara nyingi anaendelea kuja.

#12 VetiWaPorini
Marekebisho madogo kabla haijawa desturi: watu hurudia kwamba tembo hukimbia km 40 kwa saa. Tembo wa Asia waliopimwa kwa kamera walifika km 25 kwa saa hivi. Bado anakukamata, maana hiyo ni mita 7 kila sekunde na yeye hazunguki kichaka, anakipitia.

Na @Nyegere_Sugu, ugumu wa nyumbu na punda milia una sababu ya kawaida kabisa. Moyo wa wanyama hao umekaa chini kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Manyoya ya shingo na umbo la mgongo wa nyumbu humfanya aonekane kifua kiko juu kuliko kilivyo. Watu hupiga juu, wanapita kwenye nyama juu ya mapafu au ncha za pingili, anaanguka, anainuka, anaondoka. Fuata mstari wa mguu wa mbele, panda theluthi moja tu ya kimo cha mwili. Nguruwe pori dume ana jambo lake: chini ya ngozi ya mabega ana ngao ya tishu ngumu inayozidi unene kadiri anavyozeeka, na softi nyepesi yenye kasi huchanua humo ikabaki juujuu.

#13 FundiBolti
Mnabishana kaliba wakati bunduki nyingi zinazoshindwa kwenye dharura hazishindwi kwa kaliba. Zinashindwa kwa kukwama. Niwape mpangilio wa kukagua.

Kwanza, namna bolti (chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) inavyoshika risasi. Kwenye muundo wa Mauser 98 kuna kucha ndefu ya pembeni inayoshika ukingo wa ganda mara tu linapotoka kwenye magazini. Bolti ikirudi nyuma kabla ya kufunga, risasi inarudi nayo. Kwenye muundo wa kusukuma, kucha inashika ganda bolti inapofunga kabisa. Mtu aliyeingiwa na hofu husukuma nusu, anavuta tena: risasi ya kwanza imebaki chemba, ya pili inagonga mgongo wa ya kwanza. Umekwama ukiwa na risasi nne.

Pili, kuvuta bolti fupi. Ganda la .375 H&H ni la milimita 72 na bolti yake inasafiri mbali. Aliyezoea bunduki fupi ya .308 hurudisha bolti kabla haijafika mwisho. Ganda lililotumika halitoki, au jipya halichukuliwi. Dawa yake ni kuvuta mpaka chuma kigonge chuma, kila mara, bunduki ikiwa begani. Ukishusha kitako kila risasi unapoteza shabaha pamoja na sekunde.

Tatu, risasi kuzama ndani ya ganda. Teke la .458 linazirusha risasi zilizobaki magazini zikagonga ukuta wa mbele. Kama mdomo wa ganda haujabanwa vizuri, risasi inarudi ndani, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Jaza magazini, piga mbili, toa zilizobaki, pima urefu kwa kalipa na ulinganishe na mpya. Zikiwa zimefupika, usizitumie hizo kwa kazi hii.

Nne, mafuta. Chemba ikauke. Ganda lenye mafuta haling'ang'anii ukuta wa chemba, mzigo wote unaenda kwenye bolti. Mtutu nao ufutwe, risasi ya kwanza kupitia mtutu wenye mafuta huangukia mahali pengine. Bolti iwe na utando mwembamba tu, mafuta mengi yanakusanya vumbi na kuwa tope la kusaga chuma.

#14 KasibaKavu
Fundi, ongeza kwamba kucha ya Mauser 98 ya asili haipendi kulishwa risasi moja moja, moja kwa moja chembani. Inatakiwa iruke ukingo wa ganda na haikuchongwa kwa hilo; ukilazimisha bolti kila siku inaweza kuvunjika. Risasi ipitie magazini. Kuna bunduki za kisasa ambazo kucha yake imechongwa mlalo ili iruke, lakini hakikisha kwanza.

#15 FundiBolti
Sahihi kabisa, asante.

#16 DaboDabo
Ndiyo maana wengine tunasema mitutu miwili ndiyo jibu. Kwenye dabo nzuri yenye mifumo miwili kamili, kila mtutu una triga yake na nyundo yake. Kimoja kikifa, kingine kipo. Risasi ya pili iko tayari kwa muda wa kuhamisha kidole kutoka triga ya mbele kwenda ya nyuma. Hakuna bolti inayoweza hilo. .470 Nitro Express ilitoka 1900 ikiwa na ganda kubwa na shinikizo dogo kwa makusudi, kwa sababu baruti ya kodaiti ilipandisha shinikizo kwenye joto kali na maganda yakang'ang'ania. Ganda linatoka hata bunduki ikiwa ya moto.

#17 Greni500
Na uzito wake kilo 5. Baada ya saa nane za kutembea, nani ana mikono?

#18 DaboDabo
Uzito ndio unaomeza teke, mkuu. .470 ya kilo 3.5 hutaipenda.

Lakini niseme na madhaifu, maana watu hununua dabo kwa sura. Mitutu miwili imeunganishwa kwa pembe ndogo ili risasi zikutane umbali fulani, kwa kawaida kama mita 50, na kwa aina moja tu ya risasi. Ukibadilisha uzito au kasi, ya kulia na ya kushoto zinaachana au zinapishana. Jaribu risasi zako kwa jozi: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mfuatano wa haraka, maana mtutu ukipoa kati yake majibu hubadilika. Halafu dabo za zamani zenye mitutu myembamba hazipendi solidi za shaba tupu zisizo na mifereji. Shaba ngumu haibanwi na mtutu, mtutu ndio unaosukumwa nje, na baada ya muda mistari ya ndani inaonekana kwa nje. Tafuta solidi yenye mifereji mwilini, au ile ya zamani yenye risasi laini ndani na gamba la chuma.

#19 MtutuMrefu
Baada ya mbili unafanya nini, DaboDabo?

#20 DaboDabo
Mbili za ziada zinakaa kati ya vidole vya mkono wa kushoto. Mwenye mazoezi anajaza upesi. Asiye na mazoezi achukue bolti, sitamdanganya.

#21 Mgeni_Hapa
Samahani kwa kuingilia, chui je? Nasikia shotgun yenye risasi za vipande ndiyo inayofaa.

#22 KasibaKavu
@Mgeni_Hapa karibu. Inategemea mita ngapi. Katriji ya geji 12 yenye vipande vikubwa vya 00 ina vipande 9, kila kimoja milimita 8.4 na gramu 3.5 hivi. Kwa mtutu wa kawaida vinasambaa karibu sentimita 2.5 hadi 3 kwa kila mita. Mita 5, mkupuo wote uko ndani ya sentimita 15, chui wa kilo 60 hawezi kuupuuza. Mita 20, umefika upana wa nusu mita, nusu ya vipande havimgusi, na vinavyomgusa ni vyepesi. Tena huwezi kulenga kizembe eti vinasambaa: mita 5 unalenga sawasawa na bunduki ya risasi moja.

Kwa simba usithubutu. Misuli ya bega inavimaliza vipande vile.

#23 SikioLaNdovu
Mimi hata kwa chui naona .375 yenye softi inayochanua mapema ni salama zaidi, mradi kitako kinakaa vizuri na darubini imeondolewa au imeshushwa kwenye ukuzaji mdogo kabisa. Chui anakuja chini chini bila sauti. Darubini ya ukuzaji wa 4 inakuonyesha madoa tu, hujui ni ubavu au majani.

#24 KasibaKavu
Hapo hatukubaliani na sidhani tutakubaliana.

#25 BaridiKali
Nitoke nje kidogo ya nyati. Walinzi wa Sirius, kikosi cha doria cha jeshi la Denmark, wanaozunguka kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa mbwa wa sleji wamebeba kwa miaka mingi bunduki ya M1917 ya .30-06, bolti ya zama za Vita ya Kwanza ya Dunia, dhidi ya dubu wa aktiki. Dubu dume anafika kilo 450 na kuendelea. Sababu kubwa ni kwamba bolti ile inafanya kazi kwenye baridi inayogandisha mafuta, na glavu nene hazizuii mkono. Kwa kanuni ya Greni500 hao wote wamekosea kaliba?

Na kuna jambo linalosahaulika: utafiti wa Smith, Herrero na wenzao wa 2008 kuhusu Alaska ulikuta dawa ya pilipili ilizuia tabia mbaya ya dubu wa kahawia kwa 92%. Wa 2012 kuhusu silaha za moto ulikuta kwamba, kwa upande wa kuumizwa, waliotumia bunduki hawakutofautiana kitakwimu na waliokuwa nayo wasiitumie.

#26 Greni500
Dubu hajajeruhiwa hapo, BaridiKali. Anakuja kwa udadisi au kutetea watoto. Nyati aliyejeruhiwa usimpulizie pilipili.

#27 BaridiKali
Sikusema nyati apuliziwe. Nimesema kaliba si kitu cha kwanza.

#28 Mzee_Pofu
Marahaba @SikioLaNdovu, nimechelewa kuitika. Hoja yako kuhusu Bell nimeipokea. Naomba sasa mtu asiisahau 9.3x62. Otto Bock aliitengeneza 1905 ikae kwenye bolti ya kawaida ya Mauser. Greni 286 kwa mita 720 kwa sekunde, na ile namba ya KasibaKavu ni .305, sawa kabisa na .375. Teke lake ni la kibinadamu.

#29 MtutuMrefu
Mzee, nguvu yake ni jouli 4,800. Namibia, kwa mfano, inataka jouli 5,400 mdomoni kwa nyati na tembo. Hairuhusiwi kwa hao.

#30 Mzee_Pofu
Sheria ifuatwe. Nyati hajui jouli.

#31 BintiShabaha
Mzee kagusa ninachotaka kusema: teke. .458 Lott inapiga bega zaidi ya mara moja na nusu ya .375 kwa bunduki za uzito unaolingana. Mtu akishaanza kufumba macho kabla ya mlio, hana kaliba yoyote mkononi.

Jinsi ya kujua: mwenzako akujazie magazini bila wewe kuona, achanganye risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni mwa ganda). Ukifika kwenye ya bandia na mdomo wa mtutu ukachota chini, umeshaharibika. Rudi kwenye risasi za mazoezi zenye baruti kidogo, au .22 yenye kitako na sefti ya muundo uleule, mpaka mkono utulie. Usipige zaidi ya risasi sita hadi kumi za kaliba kubwa kwa kikao, na zote ukiwa umesimama. Ukiwa umekaa kwenye benchi mwili hauna pa kurudi, ndipo tabia mbaya inapozaliwa.

Kipimo changu: shabaha ya upana wa sentimita 15, mita 20, bunduki imeshikwa kiunoni na sefti imefungwa. Ishara itolewe, risasi mbili ndani ya sekunde nne. Kaliba kubwa zaidi unayofaulu nayo mara tisa kati ya kumi, hiyo ndiyo yako. Ikiwa ni .375, basi .375.

#32 Greni500
Kipimo kizuri, nakichukua. Ila ukifaulu kwa zote mbili?

#33 BintiShabaha
Basi chukua kubwa. Hapo sina ubishi.

#34 Nyegere_Sugu
Wakuu, kiboko na mamba mmewaruka.

#35 SikioLaNdovu
Kiboko akiwa nchi kavu usiku na wewe uko kati yake na maji, ni kama tembo mfupi: solidi, mapema, ubongoni. Ngozi yake inafika sentimita 5 sehemu za ubavu na mgongo, softi nyepesi haina kazi. Kutoka ubavuni lenga kati ya jicho na sikio, karibu zaidi na sikio. Mamba hahitaji nguvu, anahitaji usahihi. Ubongo wake unalingana na kidole gumba na uko nyuma tu ya macho. Ukikosa anateleza majini na hutampata. Ukipata, mkia utaendelea kupiga kwa dakika nyingi, usimsogelee upande huo.

#36 MtutuMrefu
Tumalizie na lile la .458 Winchester Magnum. Tangu 1956 watu wanaisifu, wengine wanailaani. Ipi kweli?

#37 FundiBolti
Zote. Ganda lake ni la milimita 63.5, fupi ili liingie kwenye bolti ya urefu wa kawaida. Kupata futi 2,100 na kitu kwa risasi ya greni 500, baruti ililazimika kushindiliwa. Risasi zilizokaa miaka kwenye joto, baruti iligandamana, kasi ikashuka, na nyingine hazikuungua vizuri. Ndiyo sababu Jack Lott, aliyekuwa ameumizwa na nyati Msumbiji, akarefusha ganda hadi milimita 71, na .458 Lott inafika futi 2,300 bila kushindilia. Baruti za leo zimepunguza sana tatizo la ile fupi. Faida ya chemba ya Lott ni kwamba inakubali .458 Winchester ikibidi. Kinyume chake haiwezekani.

#38 SikioLaNdovu
Mpangilio wa magazini hatujagusa. Mimi: softi nzuri chembani kwa risasi ya kwanza ya nyati aliye ubavu, zote zinazofuata solidi ya pua bapa. Ya pua bapa inashika mstari ndani ya mwili kuliko ya pua duara, na anayekimbia akikupa mgongo inabidi ipite tumbo lote kufika kifuani.

#39 KasibaKavu
Ubaya wa solidi kwa nyati ni kupitiliza na kumjeruhi aliye nyuma yake kwenye kundi. Softi ya kisasa ya shaba tupu inachanua na bado inafika mbali. Mimi softi hizo zote nne, solidi ibaki kwa tembo na kiboko.

#40 VetiWaPorini
Ukishafuata damu kichakani hakuna kundi nyuma yake, KasibaKavu. Nyati aliyejeruhiwa kwa kawaida hujitenga. Pale sababu yako inaondoka.

#41 KasibaKavu
Kwa kawaida, ndiyo. Dume wenzake wawili watatu wakati mwingine hubaki naye. Hesabu nyayo kabla ya kuingia, kisha ndiyo uamue cha kuweka chembani. Zikiwa za mmoja, nakubaliana na SikioLaNdovu.

#42 SikioLaNdovu
Na uzipange kwenye mkanda kwa namna ambayo vidole vinazitambua bila kutazama: solidi kushoto, softi kulia, zote fataki juu.